Bado Moja

Omurushaka ni njia panda iliyoota mji. Lami inayotoka Kyaka hupanda na kushuka katikati ya migomba na mibuni ya Karagwe, na ikifika hapa inakutana na barabara ya Kyerwa, ile iendayo Nkwenda na kuendelea hadi Murongo, ambako ukivuka Mto Kagera uko Uganda. Kayanga, makao makuu ya wilaya, iko jirani tu. Wenye ofisi wako kule, wenye mizigo wako huku. Mwaka 2012 Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe ikawa wilaya kamili, lakini kwa gunia la kahawa mpaka huo ni wa kwenye makaratasi. Linatoka Nkwenda, linashushwa hapa, linapimwa, linapakiwa tena.

Nilifika msimu wa kahawa, kiangazi kimekomaa, vumbi jekundu limekalia kila kitu hadi kope za waendesha bodaboda. Kila penye nafasi pametandikwa turubai, na juu ya turubai kahawa inakauka na maganda yake huku watoto wakiigeuza kwa nyayo. Baiskeli hapa hazipandwi, zinasukumwa, zimefungwa mikungu ya ndizi pande zote mpaka usukani hauonekani. Mama mmoja alinipita akiwa na mkungu kichwani, mtoto mgongoni na simu sikioni, na katika vitatu hivyo alichokuwa akikilalamikia ni mtandao wa simu.

Huu ni mji wa kubeba. Gunia la kahawa safi katika biashara ya dunia huhesabiwa kilo 60. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza kwamba mwanamume mzima asibebeshwe kwa mikono mzigo unaozidi kilo 55. Kuli wa Omurushaka hajauona waraka huo, na hata angeuona angecheka, maana kwake gunia la kilo 60 ndilo la kupumzikia. Gunia la mahindi au maharage lililofungwa lumbesa, lenye kilemba juu, linapita kilo 100 bila haya, ingawa Wakala wa Vipimo wameipiga vita lumbesa miaka nenda miaka rudi.

Katika mji wa namna hii ungedhani hakuna mtu atakayetoa fedha yake mfukoni ili aruhusiwe kunyanyua kitu kizito. Wapo, na wanalipa shilingi elfu moja kila wanapoingia.

Jimu yenyewe iko nyuma ya gereji, na ni mtoto wa gereji. Vyuma vyake vingi vilianza maisha barabarani: dramu za breki za Fuso zilizochomelewa kwenye bomba, gia za lori za ukubwa tofauti, fimbo ya ekseli ambayo haikupinda hata baada ya ajali iliyolimaliza gari lake. Visivyotoka kwenye magari vimetengenezwa kwa kumimina zege ndani ya makopo ya rangi. Uzito wa kila kimoja ulipimwa kwenye mzani wa kahawa wa jirani, kisha ukaandikwa kwa rangi nyeupe: 11, 14 na nusu, 23. Hakuna viwili vinavyolingana kabisa, kwa hiyo wazoefu wanajua kwa moyo gia ipi huoana na ipi, na mgeni anayechanganya ndoa hizo hujikuta ameegemea upande mmoja.

Wanaokuja ni waendesha bodaboda, mafundi wa gereji yenyewe, wauza maduka wawili watatu, mwalimu wa shule ya msingi na msusi mmoja wa kike anayepita asubuhi kabla hajafungua saluni. Kabla ya kazi watu hugawana akamwani, zile punje za kahawa za kutafuna ambazo Karagwe na Bukoba mgeni hupewa kabla hajaulizwa kilichomleta. Nje ya nchi kuna makopo ya unga wa rangi yanayouzwa kwa bei ya mbuzi ili kumtia mtu hamasa kabla ya mazoezi. Hapa punje nne za kahawa zinamaliza shughuli.

Nilikuwa nimekuja kuangalia ukuta. Mtu aliyenielekeza alisema niingie nyuma ya gereji nisome, na kweli kuna cha kusoma. Ukuta mrefu wa matofali umepakwa chokaa, na juu ya chokaa maneno kwa rangi ya mafuta, nyekundu na bluu, herufi za urefu wa kiganja. MVUMILIVU HULA MBIVU. USIKATE TAMAA. MAUMIVU NI YA MUDA TU. HAPA KAZI TU. Na katikati, kwa herufi zilizozidi nyingine zote: NIA TUNAYO, SABABU TUNAYO, UWEZO TUNAO.

Hilo la mwisho halihitaji kuelezwa kwa Mtanzania wa rika langu, na Kagera ndiko halihitaji kabisa. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin, mtawala wa Uganda, yaliingia mkoani humu, na Novemba yakalilipua daraja la Kyaka, Kyaka ile ile anayoipitia leo mtu anayekuja Omurushaka kutoka Bukoba. Rais Nyerere akalihutubia taifa, akasema uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Amin naye, aliyewahi kuwa bingwa wa ngumi wa Uganda, alitangaza kwamba yuko tayari kuimaliza vita ulingoni yeye na Nyerere, mwamuzi awe Muhammad Ali. Na kwa kuwa mwenzake alikuwa mdogo wa mwili na mwenye mvi, angempunguzia makali kwa kupigana mkono mmoja umefungwa nyuma na miguu imefungiwa vyuma vizito. Kwa hiyo katika ugomvi ule mtu wa mazoezi alikuwa Amin. Aprili 1979 alikuwa ameshaikimbia Kampala.

Nilimwambia mwenye jimu kwamba fundi rangi wake amegeuza mpangilio. Mwalimu Nyerere alianza na uwezo, akamalizia na nia. Ukuta umeanza na nia.

"Si fundi, kaka, ni mimi," alisema. "Mwalimu alikuwa na jeshi. Anayeingia hapa mara ya kwanza uwezo hana. Sababu hana pia, mara nyingi ni msichana fulani tu. Ana nia."

Sikuwa na la kujibu. Lakini baadhi ya maandishi mengine yananipa shida. MAUMIVU NI YA MUDA TU hayana kosa la sarufi, ila hayana mwenyewe. Yametoka kwenye mabango ya Kizungu, yakapita kwenye simu ya mtu, yakatua ukutani, na hakuna bibi wa Kinyambo wa huku wala wa Kimrima wa pwani aliyewahi kumwambia mjukuu wake hivyo. Bibi husema pole kwanza, methali baadaye. HAPA KAZI TU ni masalia ya kampeni ya urais ya 2015, John Magufuli alipopiga push-up jukwaani ili wapiga kura waone mwili uko imara. Miaka michache baadaye mtaa ukawa na msemo wake wa kujibu, kwamba vyuma vimekaza, maana yake fedha haionekani. Katika jimu hii msemo huo ungali hai, na anayeutumia zaidi ni yule anayeomba ada yake ailipe kesho.

Msusi hakuwa na muda na ukuta. "Hayo ni ya wanaume kusifiana," alisema huku akijifunga kanga kiunoni juu ya suruali ya mazoezi. Kanga yake ilikuwa imeandikwa WASEMAO NA WASEME. Nikamuuliza kama huo nao si msemo wa kujitia moyo. Akasema hapana, huo una mtu wake, na mtu mwenyewe anakaa karibu na stendi.

Nimelifikiria sana jibu hilo. Maneno ya kanga yana nguvu kwa sababu yanamlenga mtu. Aliyenunua anamjua, aliyelengwa anajijua, na majirani wanawajua wote wawili. Msemo wa Nyerere ulikuwa na Amin. "Usikate tamaa" haumjui yeyote. Ukuta unaweza kumwambia hivyo mnyanyua vyuma, mwanafunzi aliyefeli, mfiwa na mwenye mkopo, wote kwa pumzi moja.

Halafu kuna jambo ambalo fundi rangi hakulifikiria. Anayenyanyua hasomi. Mtu akichuchumaa na bomba mabegani, macho yanatazama mbele lakini hayaoni kitu. Akiinama kuokota chuma chini, anaona vidole vyake vya miguu. Na aliyelala kwenye benchi, ambaye ndiye aliye katika hatari kuliko wote kwa sababu chuma kiko juu ya kifua chake, anaona mabati na boriti tu. Maandishi yote mazuri yako ubavuni kwake. Wanaoyasoma ni waliokaa wanapumzika, wanakunywa maji, wanasubiri zamu. Ukuta huwahimiza wasio na mzigo.

Lakini kwenye boriti, juu ya benchi kabisa, kuna maandishi ya mkaa. Si kazi ya fundi rangi. Mwandiko umepinda na aliyeandika alipanda juu ya kitu kisicho imara. Yanasema BADO MOJA.

Hayo ndiyo maneno yanayosemwa kweli mahali hapa. Nilikaa nikisikiliza jioni nzima na sikumsikia mtu hata mmoja akimtamkia mwenzake kilichoandikwa ukutani. Walichosema ni hiki: twende. Sukuma. Yako hiyo. Nyepesi hiyo. Na zaidi ya yote, bado moja. Anayesema husimama kichwani pa aliyelala, mikono yake iko chini ya bomba bila kuligusa. Mlalaji anasukuma, mikono inatetemeka, mishipa ya shingo imesimama. Chuma kinafika juu. Bado moja! Kinashuka, kinapanda tena, safari hii kwa mwendo wa jogoo mgonjwa. Bado moja! Kila mmoja wao anajua kwamba moja ile imeshapita. Uongo unaojulikana na pande zote mbili, na mlalaji anautii kuliko angeitii kweli yoyote. Mwendesha bodaboda mmoja, kijana wa Nkwenda, alidanganywa mara nne mfululizo mbele yangu, na mara ya nne mikono ya mwenzake ndiyo iliyokipandisha chuma, si ya kwake. Alinyanyuka akacheka akasema, "Wewe si mtu," na akachukua nafasi ya kusimama kichwani ili alipize.

Methali humwacha mtu peke yake na nafsi yake. "Mvumilivu hula mbivu" ni ahadi ya siku isiyojulikana, na asiyekula mbivu ataambiwa hakuvumilia. "Bado moja" ina mikono chini ya bomba. Aliyeitamka amejifunga: kama haiji, yeye ndiye wa kuinyanyua.

"Nyepesi hiyo" ina historia yake, na vijana wanaijua vizuri. Wanamwigiza Ronnie Coleman, aliyekuwa polisi wa Arlington, Texas, na aliyetwaa taji la kutunisha misuli la Mr. Olympia mara nane mfululizo, kuanzia 1998 hadi 2005. Coleman alikuwa na mazoea ya kuukemea uzito kwa sauti kabla hajauingia, akiuambia kwamba ni mwepesi. Kwenye simu moja iliyopasuka kioo niliangalia video yake maarufu, anachuchumaa na pauni 800, karibu kilo 363, kisha anasimama, kisha anarudia. Vijana waliokuwa wamezunguka simu walipiga kelele kama wameona bao. Video ya pili hawakuitaka. Hiyo inamwonyesha Coleman wa miaka ya karibuni, amepasuliwa mgongo na nyonga mara nyingi, anatembelea magongo. Amesema mwenyewe kwamba anachojutia ni kimoja: siku ile ya pauni 800 alichuchumaa mara mbili tu, wakati alikuwa na uwezo wa mara nne. Sijui kama nimcheke au nimwogope mtu wa namna hiyo. Mwenye jimu, ambaye anamjua Coleman kuliko vijana wake, amekataa jina lake liandikwe ukutani.

Mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa akingoja zamu yake alisema Texas ni mbali, Karagwe imekuwa na "nyepesi hiyo" yake tangu enzi za wafalme. Na hapo akasimulia kisa ambacho mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alikipata hukuhuku, alipofika kwa Mfalme Rumanyika Novemba 1861. Makao ya wafalme yalikuwa Bweranyange, katika wilaya hii hii. Baba yake Rumanyika, Ndagara, alipofariki, wana watatu waliugombea ufalme. Ikawekwa mbele yao ngoma ndogo, ngoma ambayo kwa umbo lake hata mtoto angeibeba, lakini iliyotiwa dawa ikawa nzito isiyonyanyulika ila kwa yule ambaye mizimu imemkubali. Ndugu wawili wakajikamua jasho lao lote, ngoma haikutikisika. Rumanyika akainyanyua kwa kidole chake cha mwisho.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," alisema fundi wa gereji, na jimu nzima ikaangua kicheko.

Mjadala uliofuata ulikuwa wa kitaalamu. Mmoja alisema ngoma ilikuwa na ndoano. Mwingine alisema ndugu wale walivuta kwa mgongo badala ya miguu. Mwendesha bodaboda wa Nkwenda aliuliza swali ninaloliona la maana kuliko yote: nani alikuwa amesimama nyuma ya Rumanyika? Mwalimu akajibu kwamba baada ya kidole kile ilibidi ipiganwe vita hata hivyo, kwa kuwa ndugu mmoja, ambaye Speke anamwita Rogero, hakuyakubali matokeo, na Rumanyika akasaidiwa na wafanyabiashara wa Kazeh, Tabora ya leo, waliokuwa na bunduki. "Basi," alisema kijana, "kulikuwa na mikono chini ya bomba." Nilimwona mwalimu akiduwaa kidogo, kisha akaendelea kufunga kamba za viatu.

Speke huyo huyo aliacha Karagwe kumbukumbu nyingine inayohusu jimu zaidi ya anavyodhani msomaji wake. Wake wa ukoo wa kifalme walinyweshwa maziwa mpaka wakanenepa kwa kiasi ambacho kutembea kulikuwa taabu, na unene huo ulikuwa fahari ya nyumba. Speke akaomba kumpima mmoja wao kwa futi. Bibi yule hakukubali bure. Speke aliahidi kumwonyesha naye mikono na miguu yake ya Kizungu, akakunja nguo zake akaonyesha. Akapata mkono wa inchi 23 kwa mzunguko, yaani sentimita 58. Arnold Schwarzenegger katika siku zake kali alitajwa kuwa na inchi 22. Kwenye msumari wa jimu hii inaning'inia futi ya fundi cherehani, na mkono mkubwa kuliko yote uliopimwa nayo ni sentimita 41; mwenye nao ni muuza vipuri, na anapenda kuvaa fulana zilizokatwa mikono hata asubuhi za baridi. Nilipomwambia kwamba bibi wa Bweranyange alimzidi kwa sentimita 17 alisema hiyo ilikuwa mafuta. Inawezekana. Lakini bibi hakulipa elfu moja.

Shehena za Speke hazikufika Karagwe zenyewe. Zililetwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, katika njia ile ile ya biashara iliyowapa Waarabu na Waswahili kituo cha Kafuro, karibu na Bweranyange. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa frasila mbili, kama kilo 32, unaobebwa wiki kwa wiki juu ya chakula chake na mkeka wake. Kutoka safari hizo tumebakiwa na usemi: mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Shuleni tulifundishwa kuwa ni sifa. Mimi naona aliyeutamka alikuwa amesimama pembeni, mikono mitupu.

Nilitoka nyuma ya gereji nikaenda upande wa maghala, ambako lori lilikuwa likipakiwa. Hakuna kilichoandikwa kule isipokuwa USIVUTE SIGARA. Makuli walikuwa sita. Wawili huliinua gunia kwa pembe zake, wa tatu anaingia chini yake kwa kuchuchumaa, mgongo umenyooka, gunia linakaa kati ya bega na shingo, na papo hapo anasimama kwa mapaja na kwenda kwa hatua fupi za haraka juu ya ubao uliolazwa hadi kwenye bodi ya lori. Ubao unacheza, hatua inafuata mchezo wa ubao. Wanaoinua husema neno moja tu, "Tia!", na linasemwa kwa wakati mmoja, kwa sababu likitangulia upande mmoja gunia linageuka. Gunia gumu la juu kabisa lilihitaji watu wanne, na hapo nikasikia ile ya zamani, mmoja anaanza harambee, wengine wanajibu hee, na kwenye hee ndipo gunia lilipopanda.

Muuza vipuri alikuwa amenifuata. Nadhani zile sentimita 17 zilikuwa bado zinamuuma. Akaomba ajaribu, na makuli wakampisha kwa furaha ambayo haikufichwa. Alilishika gunia kwa mbele, akalivuta kifuani, mikono ile ya sentimita 41 ikavimba vizuri sana, na gunia likaanza kumteremkia tumboni.

"Unalikumbatia," alisema kuli mkubwa wao, mzee mwenye kitambaa cheupe shingoni. "Gunia si mchumba, kijana wangu. Chuma kina mshikio. Hili lina tabia."

Wakamtwisha sawasawa, akafika kwenye lori, akarudi amejaa vumbi na heshima. Nikamwamkia mzee shikamoo, akaitika, nikamuuliza ni maneno gani humtia moyo mchana ukiwa mrefu. Alidhani sijamwelewa anafanya kazi gani. "Karani akitaja ni gunia la ngapi," alisema. Wanalipwa kwa gunia.

Kijana wa Nkwenda ndiye aliyenikumbusha, tukiwa tunanunua chai, kuhusu Julius Ssekitoleko, mnyanyua vitu vizito wa Uganda. Julai 2021 alikuwa Japani, katika kambi ya maandalizi ya Olimpiki ya Tokyo huko Izumisano, akaelezwa kwamba hakupata nafasi ya kushindana na kwamba atarudishwa nyumbani. Alitoroka. Aliacha karatasi hotelini akisema maisha kwao ni magumu na anataka kufanya kazi Japani. Alikuwa na miaka 20. Alipatikana siku chache baadaye katika mkoa mwingine akarudishwa Uganda. "Yule alikuwa anabeba uzito wa kweli wa mashindano, si hizi gia zetu," alisema kijana, "na bado alikuwa anatafuta kibarua." Kisha akaitwa na abiria, akaondoka na chai yake ikiwa nusu.

Niliporudi nyuma ya gereji nilimkuta fundi rangi amefika na ndoo zake. Ndiye huyo huyo anayeandika saluni, mabucha na vibao vya nyuma vya bodaboda mji mzima, na hutoza kwa herufi, shilingi 500 kila moja, nafasi tupu hailipiwi. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini ukuta ule una misemo mifupi. Yule mwalimu wa shule ya msingi, nikaambiwa, aliwahi kupendekeza maneno ya John Stephen Akhwari, mkimbiaji wetu aliyeumia goti katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 na bado akaingia uwanjani akichechemea zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, kisha akasema nchi yake haikumtuma maili 5,000 ili aanze mbio bali azimalize. Fundi alihesabu herufi kwa kidole, akataja bei, na Akhwari akaachwa.

Safari hii mwenye jimu alitaka kitu cha kuandika mbele ya mahali pa kuokotea chuma kutoka chini. Alikuwa amekwisha kulichagua: MTAKA CHA UVUNGUNI SHARTI AINAME.

"Ishirini na nane," alisema fundi. "Elfu kumi na nne."

"Ndugu yangu, vyuma vimekaza."

"Basi punguza maneno."

Mwenye jimu aliutazama ukuta, akatazama pale chini. "Andika INAMA tu. Watu wanaijua iliyobaki."

"Tano. Elfu mbili na mia tano."

Yule kuli mzee alikuwa amemsindikiza muuza vipuri hadi hapo, kwa sababu muuza vipuri alikuwa amemwahidi soda. Alisimama mlangoni, kitambaa kiko shingoni, akasikiliza mpaka fundi alipoanza kuchovya brashi.

"Mtu akiinama pale," alisema, "mgongo unabaki pale pale. Mwambieni achuchumae."

Mwenye jimu alimtazama, akamtazama fundi.

"CHUCHUMAA," alisema fundi, kidole kikitembea hewani. "Tisa. Elfu nne na mia tano."

"Hiyo A ya mwisho ni lazima?"

"Ukiitoa, hakuna atakayeelewa."

"Na alama ya mshangao?"

"Hiyo nayo ni herufi, bosi."

Mwenye jimu akazamisha mkono mfukoni, akahesabu noti taratibu, na alama ya mshangao akaiacha.